Sura ya Sita: Muda Ulionunuliwa kwa Damu

Wasomaji wengi wa Kiswahili waliujua mji wa Baghdad kabla ya kuujua mji mwingine wowote wa ng'ambo, kwa kuwa waliukuta vitabuni tangu utoto wao, katika hekaya za Abunuwasi na za Alfu Lela U Lela, ukiwa mji wa makhalifa na makadhi, wa wafanyabiashara na mabaharia, wenye masoko yaliyojaa bidhaa na maulamaa waliojaa maarifa. Tangu mwaka 2003 jina hilo limetufikia masikioni kwa namna nyingine: kwa habari za mabomu yaliyotegwa barabarani, za maiti zilizookotwa alfajiri zikiwa zimefungwa mikono, na za mabishano, ambayo mpaka leo hayajakoma, juu ya haki ya dola kubwa kuvuka bahari na kuiangusha serikali ya nchi nyingine. Sura hii haikusudii kuyarudia mabishano yote hayo. Inakusudia kulitazama jambo moja lililo ndani yake, nalo ni uongozi wa majemadari: jemadari aweza kutenda nini katika vita ambavyo asili yake ina shaka, na ni jambo gani hawezi kulitenda hata akiwa hodari kupita wenzake wote.

Nimeuchagua mfano wa Iraki kwa sababu ndani ya vita hivyo, katika nchi moja na kwa jeshi moja, tunauona uongozi mbaya na uongozi mzuri ukifuatana kwa muda wa miaka michache tu, na kwa hiyo twaweza kuzipima athari za huu na za ule bila ya kulazimika kulinganisha zama na zama au taifa na taifa. Hukumu yangu naiweka mbele tangu sasa, ili msomaji aende nayo akiipima kwa kila tukio litakalosimuliwa. Ustadi wa jemadari huweza kununua muda, lakini hauwezi kununua amani. Muda ule ni amana iliyowekwa mikononi mwa watawala, na watawala wakiipoteza amana hiyo, hapana jemadari awezaye kuwalipia.

Ushauri uliodharauliwa

Majeshi ya Marekani na Uingereza, pamoja na washirika wao wachache, yaliingia Iraki tarehe 20 Machi 2003, na tarehe 9 Aprili mji wa Baghdad ukaanguka. Sababu kubwa iliyotolewa mbele ya walimwengu ilikuwa kwamba Saddam Hussein, mtawala wa Iraki, ameficha silaha za maangamizi. Silaha hizo zikatafutwa kwa bidii baada ya ushindi, wala hazikuonekana. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa halikupitisha azimio la kuidhinisha vita hivyo, Ufaransa na Ujerumani na Urusi zilivipinga hadharani, mamilioni ya watu waliandamana katika miji mikubwa ya dunia tarehe 15 Februari mwaka huo, na mwaka 2004 Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alitamka kwamba kwa maoni yake havikupatana na Mkataba wa Umoja huo. Askari aliyevuka mpaka wa Kuwait alfajiri ile alikuwa, kwa hiyo, amebeba mzigo ambao hakuufunga yeye, na mzigo huo ungemwelemea kila siku ambayo angekaa katika nchi ya watu.

Juu ya mzigo huo uliongezwa mwingine, nao ni uchache wa watu. Tarehe 25 Februari 2003, kabla vita havijaanza, Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, aliulizwa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti ni askari wangapi watakaohitajiwa kuilinda Iraki baada ya kuishinda, naye akajibu kwamba kwa kadirio lake ni laki kadhaa. Shinseki hakuwa mtu wa kukisia, maana alikuwa amekwisha kuyaongoza majeshi ya kulinda amani huko Bosnia, na alijua kwamba kuiangusha serikali ni kazi ya wiki chache, ilhali kukaa mahali pake ni kazi ya miaka, na kila mtaa, kila daraja na kila ghala huhitaji macho ya kuulinda usiku na mchana. Siku mbili baadaye Paul Wolfowitz, naibu wa Waziri wa Ulinzi, alisimama mbele ya kamati nyingine akasema kwamba kadirio hilo limepotoka kabisa. Miezi michache baada ya hapo Shinseki alistaafu, na nchi yenye watu wapatao milioni 25 ikabaki chini ya ulinzi wa askari wa kigeni waliokuwa takriban laki moja na nusu.

Matokeo yalionekana katika juma la kwanza la ushindi. Waporaji waliingia katika Jumba la Makumbusho la Taifa wakabeba vitu vya kale vilivyodumu tangu zama za Sumeri na Babeli. Wakaingia katika wizara, wakachukua madawati na milango na hata nyaya za umeme ukutani, kisha moto ukafuata. Na walipotazama, raia wa Baghdad waliona kwamba Wizara ya Mafuta ndiyo iliyokuwa na vifaru mlangoni. Huenda kulikuwa na udhuru wa kijeshi katika mpango ule, lakini raia hakuambiwa udhuru wowote. Aliona kifaru na akaona moto, akajifanyia hesabu yake mwenyewe. Tena wazee wa mji walikuwa na kumbukumbu ndefu, kwa sababu mwezi wa Machi 1917 Jenerali Stanley Maude wa Uingereza, alipoutwaa mji huo kutoka kwa dola ya Uthmaniya, alitangaza kwamba majeshi yake yamekuja kukomboa wala hayakuja kutawala, na haikupita hata miaka minne Wairaki walikuwa wamekwisha kuwaondokea Waingereza kwa silaha, katika maasi makubwa ya mwaka 1920.

Amri mbili za mwezi wa Mei

Laiti uharibifu ungaliishia katika uporaji, huenda ungalirekebishika. Lakini mwezi wa Mei 2003 aliwasili Paul Bremer, mjumbe wa Rais George W. Bush na mkuu wa utawala wa muda, naye kwa muda wa juma moja akatoa amri mbili ambazo wanahistoria wa vita hivyo huzirudia kila mara. Amri ya kwanza, ya tarehe 16 Mei, iliwafukuza katika kazi za serikali watu wa ngazi za juu wa chama cha Baath, chama cha Saddam, wakiwamo waalimu, matabibu na makarani wengi walioingia chamani kwa kutafuta riziki. Amri ya pili, ya tarehe 23 Mei, ililivunja jeshi la Iraki lote. Kwa kalamu moja watu wa laki kadhaa, waliofunzwa kutumia bunduki na baruti, walirudishwa majumbani bila mshahara na bila heshima, katika nchi ambayo maghala yake ya silaha yalikuwa hayana bawabu.

Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba maofisa wengi wa Marekani waliokuwa uwanjani walikuwa wamekwisha kuanza kuzungumza na maofisa wa jeshi lile lililoshindwa, wakitaraji kuwaita kazini wasaidie kuulinda umma. Amri iliwapita juu ya vichwa vyao. Vita vikawa na vichwa viwili, kimoja cha kiraia na kimoja cha kijeshi, kila kimoja kikivuta njia yake, na jeshi lililoachwa nyuma likapewa kiongozi, Jenerali Ricardo Sanchez, aliyekuwa na wasaidizi pungufu kwa kazi iliyompata. Uasi ulipozuka katika miji ya Wasunni upande wa magharibi, askari waliujibu kwa kuvunja milango usiku na kukamata wanaume kwa mamia, na mwaka 2004 picha za mateso ya wafungwa wa gereza la Abu Ghraib zikaenea duniani kote. Kila mlango uliovunjwa usiku uliwapa waasi ndugu wawili watatu wa kulipiza.

Kosa la kutoka haraka

Haifai kudhani kwamba majemadari wote waliofuata walikuwa wajinga. Jenerali George Casey, aliyeshika uongozi kuanzia katikati ya 2004 hadi Februari 2007, alikuwa na hoja yenye uzito, aliyoafikiana nayo Jenerali John Abizaid, mkubwa wake, mtu aliyekijua Kiarabu na aliyewahi kuishi katika nchi za Kiarabu. Hoja yao ilikuwa kwamba uwepo wa mgeni mwenye silaha ndio unaozaa ghadhabu. Basi mgeni na apunguze kuonekana kwake, awafunze askari wa nchi, awakabidhi mikoa mmoja baada ya mwingine, kisha aondoke. Majeshi yakakusanywa katika kambi kubwa kando ya miji, zenye majumba ya chakula, viwanja vya michezo na uzio wa zege. Katika malango ya kambi hizo walisimama maelfu ya vijana wa Uganda, walioajiriwa na makampuni ya ulinzi kuwapekua wanaoingia, hata vita vilivyoamuliwa Washington vikawa pia riziki na hatari ya nyumba nyingi za Afrika Mashariki.

Mpango huo ungeweza kufaa katika nchi ambayo serikali yake inaaminiwa na raia wote. Iraki ya mwaka 2006 haikuwa nchi ya namna hiyo. Tarehe 22 Februari mwaka huo mabomu yaliliporomosha kuba la dhahabu la msikiti wa al-Askari huko Samarra, mahali walipozikwa Imamu Ali al-Hadi na Imamu Hasan al-Askari, maimamu wa kumi na wa kumi na moja wa Shia, na kuanzia hapo majirani waliooana na kuzikana kwa vizazi walianza kuuana kwa majina na kwa madhehebu. Mitaa ya Baghdad ilipokabidhiwa kwa polisi, mara nyingi ilikuwa imekabidhiwa kwa wanamgambo waliovaa sare ya polisi. Familia ziliondoka usiku zikiacha funguo mlangoni, wengine walibeba vitambulisho viwili vyenye majina mawili ili waweze kupita vizuizi vya upande huu na vya upande ule. Umoja wa Mataifa uliwahesabu raia 34,452 waliouawa katika mwaka huo mmoja. Kosa la Casey lilikuwa kushikilia tiba ya ugonjwa wa jana: alikuwa akipambana na uasi dhidi ya mgeni, ilhali nchi ilikuwa imekwisha kuingia katika fitina baina ya wenyeji, na katika fitina ya namna hiyo kuondoka kwa mlinzi huongeza mauaji.

Kutoka kambini kuingia mtaani

Mwezi wa Novemba 2006 chama cha Rais Bush kilishindwa katika uchaguzi wa Bunge, na Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld akajiuzulu. Mwezi uliofuata tume ya wazee wa vyama vyote viwili, chini ya James Baker na Lee Hamilton, ilieleza kwamba hali ya Iraki ni mbaya na inazidi kuharibika. Rais alisikiliza mashauri mengi, mengi yao yakimtaka aanze kuondoka, naye tarehe 10 Januari 2007 akatangaza kinyume chake: brigedi tano za nyongeza zitakwenda Iraki. Mtu aliyewekwa kuziongoza alikuwa Jenerali David Petraeus.

Petraeus alikuwa askari msomi, aliyeandika tasnifu yake katika chuo kikuu cha Princeton juu ya yale ambayo majemadari wa Marekani walijifunza katika vita vya Vietnam. Katika siku za kwanza za uvamizi, mwaka 2003, alimwambia mwandishi mmoja wa habari aliyesafiri naye maneno yaliyokuja kuwa mashuhuri: amweleze vita hivi vitakwishaje. Mwaka ule ule, akiiongoza divisheni yake katika mji wa Mosul, aliwakusanya masheikh na wakuu wa jamii zote wakachagua baraza la mkoa, akafungua mpaka wa biashara na Syria, akatumia fedha zilizokutwa katika majumba ya Saddam kutengeneza shule na visima, akiwafundisha maofisa wake kwamba fedha nayo ni risasi. Baadaye, akiwa katika kambi ya Fort Leavenworth huko Marekani, aliusimamia uandishi wa mwongozo mpya wa jeshi juu ya kupambana na uasi, uliotoka Desemba 2006, ambao ndani yake askari alifunzwa kwamba raia ndiye ngome inayogombewa, na kwamba jeshi likijilinda lenyewe kupita kiasi huenda likazidi kuhatarika.

Maneno hayo yaligeuzwa kuwa vitendo katika majira ya kuchipua ya 2007. Askari waliambiwa watoke kambini wakakae mtaani, nao wakahamia katika shule zilizoachwa, viwanda vilivyofungwa na maduka yaliyoungua, wakalala sakafuni pamoja na askari wa Iraki, wakaweka magunia ya mchanga madirishani, na wakazunguka kwa miguu barabara ambazo zamani walizipita ndani ya magari ya chuma. Katika mtaa wa Adhamiya, mtaa wa Wasunni uliozungukwa na mitaa ya Mashia, mafundi wa jeshi walifanya kazi usiku kuanzia mwezi wa Aprili, wakishusha kwa winchi vipande vya zege vyenye uzito wa tani sita kila kimoja na kimo cha futi 12, wakavisimamisha bega kwa bega mpaka ukapatikana ukuta wa karibu kilomita 5. Wenyeji waliandamana wakisema wamefungwa gerezani ndani ya mji wao, na Waziri Mkuu Nuri al-Maliki akaupinga hadharani. Hata hivyo kuta ziliongezeka mtaa kwa mtaa, kwa kuwa zilimzuia mwenye kuleta gari la mabomu sokoni, na zilimzuia vilevile mwenye kuja usiku kuteka vijana. Yapasa kusema kweli kamili juu ya kuta hizo: ziliokoa roho, na papo hapo zilikaza kwa zege mgawanyiko ambao wauaji walikuwa wameuanzisha kwa bunduki.

Gharama ilikuwa kubwa. Askari aliyetoka kambini aliuawa kwa wingi kuliko alipokaa ndani, na mwaka 2007 Wamarekani waliokufa walipindukia 900, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote wa vita hivyo, mwezi wa Mei peke yake ukichukua zaidi ya 120. Hapa ndipo unapopimwa moyo wa kiongozi, maana ni rahisi kuendelea na mpango unaozaa matunda, lakini ni taabu kuendelea na mpango ambao katika miezi yake ya kwanza unazaa majeneza tu, huku Bunge likipiga kelele na magazeti yakikuhukumu. Petraeus, pamoja na Jenerali Raymond Odierno aliyeyaongoza mapambano ya kila siku, na Balozi Ryan Crocker aliyeshika upande wa siasa, waliendelea. Kufikia mwisho wa mwaka mauaji ya raia yalikuwa yamepungua sana, na wafu wa Marekani kwa mwezi walikuwa wamerudi chini ya 30.

Masheikh wa Anbar

Lakini historia haimruhusu jemadari kuchukua sifa peke yake, na Petraeus mwenyewe hakudai hivyo. Katika mkoa wa Anbar, ambao ulikuwa ngome ya uasi, mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka kabla brigedi za nyongeza hazijafika. Wapiganaji wa Al-Qaeda walikuwa wamewachosha wenyeji wao kwa kuwaua wazee wa makabila, kunyang'anya biashara ya barabarani na kudai kuoa mabinti bila ridhaa ya ukoo. Na mwezi wa Septemba 2006, katika mji wa Ramadi, Sheikh Abdul Sattar Abu Risha, ambaye baba yake na ndugu zake walikuwa wameuawa na wapiganaji hao, aliwakusanya masheikh wenzake wakatangaza mwamko, ambao Waarabu huuita Sahwa. Kanali Sean MacFarland, aliyekuwa akiiongoza brigedi ya Marekani mjini humo, alifanya jambo ambalo halikuandikwa katika amri yoyote aliyopewa: akaketi nao, akanywa chai yao, akakubali kuweka vituo vyake karibu na majumba yao ili yalindwe, na vijana wa makabila wakaanza kuingia katika polisi kwa mamia.

Petraeus alipofika aliiona maana ya jambo lile, akalieneza mpaka Baghdad na mikoa ya kando. Watu wapatao laki moja, wengi wao wakiwa waasi wa jana, waliandikwa kuwa walinzi wa mitaa, kwa malipo ya takriban dola 300 kwa mwezi. Kukubali kumlipa mtu aliyekuwa akikutegea mabomu ni jambo gumu kwa askari aliyezika wenzake, nalo lilihitaji makamanda wa vikosi vidogo wenye subira na busara kuliko ujasiri wa kawaida. Kwa upande wa Mashia, mwishoni mwa Agosti 2007 Muqtada al-Sadr aliwaamuru wanamgambo wake waweke silaha chini, baada ya mapigano ya aibu katika mji mtakatifu wa Karbala. Na yako mambo ya kuhuzunisha pia katika sababu za utulivu ule: zaidi ya watu milioni 4 walikuwa wamekwisha kuyahama makazi yao, na katika mitaa mingi mauaji yalipungua kwa kuwa jirani wa madhehebu ya pili alikuwa hayupo tena wa kuuawa. Sheikh Abdul Sattar mwenyewe hakuyaona matunda ya kazi yake. Aliuawa kwa bomu tarehe 13 Septemba 2007, siku kumi baada ya kupeana mkono na Rais Bush.

Swali la Seneta

Siku mbili kabla ya kifo hicho, Petraeus alikuwa Washington akitoa ushahidi mbele ya Seneti. Alikuwa na ramani na michoro, na takwimu zake zilionyesha kwa usahihi kwamba mauaji yanapungua. Seneta John Warner wa Virginia, mzee aliyewahi kuwa Waziri wa Jeshi la Majini, na wa chama kile kile cha Rais, alimwuliza kama mkakati huu unaifanya Marekani iwe salama zaidi. Petraeus alijibu kwamba anaamini hiyo ndiyo njia bora ya kufikia makusudio yao katika Iraki. Warner hakuridhika, akarudia: je, unaifanya Marekani iwe salama zaidi? Jemadari akakiri kwamba, kwa kweli, hajui. Baadaye siku ile ile, alipoulizwa na seneta mwingine, alilijazia jibu lake, akasema kwamba Iraki inayagusa masilahi makubwa ya taifa lake. Lakini jibu la kwanza ndilo lililodumu.

Wapinzani wa vita walilishangilia kama ungamo, na watetezi wakalionea haya. Mimi naliona kuwa ndilo neno lenye heshima kuliko yote yaliyonenwa katika baraza lile, kwa sababu lilimrudishia kila mtu mzigo wake. Kazi ya Petraeus ilikuwa kuutuliza mji wa Baghdad, na kazi hiyo alikuwa akiitenda. Kujua kama Baghdad iliyotulizwa ina thamani ya damu iliyomwagwa, na kama vita hivyo vilistahili kuanzishwa, ilikuwa kazi ya wale waliovianzisha, na ya Bunge lililowaidhinisha mwaka 2002. Jemadari angalijibu kwa kishindo kwamba ndiyo, watetezi wa vita wangalimpigia makofi, na swali lingalizikwa.

Mkakati wote wa nyongeza ya majeshi ulijengwa juu ya ahadi moja: kwamba usalama ukirudi, viongozi wa Iraki watapata nafasi ya kupatana juu ya mgawo wa mafuta, juu ya haki za waliofukuzwa kwa amri ya Bremer, na juu ya nafasi ya Wasunni katika serikali na jeshi. Usalama ulirudi kwa kiasi kikubwa. Mapatano hayakufika. Mwaka 2008, akirudi tena mbele ya Bunge, Petraeus alisema waziwazi kwamba yaliyopatikana ni dhaifu na yaweza kugeuka, na aliyesikiliza kwa makini alijua kwamba jemadari anatoa onyo.

Amana iliyopotezwa

Mwezi wa Novemba 2008 serikali mbili zilitia sahihi mkataba wa kuyaondoa majeshi yote kabla ya mwisho wa 2011, na tarehe 18 Desemba 2011 msafara wa mwisho ukavuka mpaka wa Kuwait. Siku iliyofuata ilitolewa hati ya kumkamata Tariq al-Hashimi, Makamu wa Rais aliyekuwa Msunni. Vijana wa Sahwa, walioahidiwa nafasi katika jeshi na katika idara za serikali, wengi wao waliachwa bila kazi na bila mshahara, na wengine walikamatwa au kuuawa na wale waliowapiga vita. Nafasi za ukamanda katika jeshi jipya zikagawiwa kwa utiifu, na huko Washington watawala, waliokwisha kuchoka na jina la Iraki, waliyaona hayo wakanyamaza. Tarehe 10 Juni 2014 mji wa Mosul, mji ule ule ambao Petraeus alianzisha baraza la mkoa mwaka 2003, ulianguka mikononi mwa kundi la Daesh, huku vikosi vya serikali vikikimbia na kuacha sare barabarani. Ulikombolewa Julai 2017, baada ya miezi tisa ya mapigano yaliyougeuza mji wa kale kuwa kifusi.

Basi uongozi wa kijeshi unatufundisha nini katika mkasa huu? Unatufundisha, kwanza, kwamba jemadari bora ni yule awezaye kuitupa tadbiri yake ya jana anapoona kwamba vita vimebadilika umbo, na kwamba maarifa ya kubadilika huko mara nyingi hutoka chini, kwa kanali aliyekunywa chai na masheikh, kabla ya kufika juu kwa wenye ramani. Unatufundisha, pili, kwamba ushauri wa kweli huwa mchungu na huja mapema, kama ulivyokuja wa Shinseki, na kwamba mtawala anayeuaibisha hadharani anawafunza maofisa wengine wote kunyamaza. Na unatufundisha, tatu, jambo lililo kubwa kuliko hayo mawili: kwamba ustadi wa uwanjani haugeuzi dhuluma ya mwanzo kuwa haki, wala haujazi pengo la siasa isiyokuwapo. Askari wa Marekani wapatao 4,500 na raia wa Iraki waliopindukia laki moja, kwa hesabu iliyo ndogo kuliko zote, walikufa kabla ya msafara ule wa mwisho kuondoka. Na tume ya Uingereza ya kuvichunguza vita hivyo, chini ya Sir John Chilcot, ilipotoa taarifa yake Julai 2016, ilihukumu kwamba njia za amani zilikuwa hazijakwisha wakati vita vilipoanzishwa.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, popote ulipo na serikali yoyote uliyo chini yake, itakapofika siku ya kuambiwa kwamba vijana wa nchi yako lazima wapelekwe kupigana katika nchi ya watu, usiridhike kusikia habari za uhodari wa jemadari atakayewaongoza. Waulize watawala, kabla ya bunduki kulia, vita hivyo vitakwishaje na nani atakayeitunza amani baada yake. Na wasipoweza kujibu, wanyime ridhaa yako.